Wimbo Ambao Hakuna Aliyeuimba

Juma lililopita tulimzika mama Asajile kule Bujonde. Nilikwenda kwa sababu Asajile ni mtu niliyecheza naye utotoni, na mtu uliyecheza naye humwachi peke yake siku anapomzika mama yake. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikala wali wa msiba, nikalia kidogo pale walipolia. Kisha kwaya ikasimama. Waliimba wimbo ninaoujua kuliko ninavyoujua uso wangu, ila maneno yalikuwa mengine. Mahali pa chungu kisichoshiba walikuwa wameweka neema ya Bwana isiyokwisha. Mzee wa kanisa akasema kwamba marehemu ndiye aliyeuleta wimbo huu huku bondeni, kwamba alikuwa na kipaji tangu ujana wake. Wanawake wakaitikia. Mimi nikainuka, nikachukua viatu vyangu, nikaondoka bila kuaga.

Walioniona walidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini haukuwa wa marehemu. Nilipita katikati ya mashamba ya mpunga, mtu mzima mwenye wajukuu, nikisema peke yangu njia nzima. Ninyi wa rika langu mliokulia ufukweni zama za Mjerumani mnaujua wimbo huo, na wengi wenu mnajua ulikuwa wa nani. Mmenyamaza miaka yote hii. Sasa mimi nasema.

Kwetu ni ufukweni mwa ziwa, upande ule ambako milima imeshuka mpaka majini na kuacha kipande chembamba cha mchanga kwa ajili ya watu. Mama zetu walikuwa wafinyanzi. Nilizaliwa katika harufu ya udongo mbichi na moshi wa majani makavu ya kuchomea vyungu, na hata leo harufu hiyo ikinipata njiani nasimama. Siku za soko tulipakia vyungu kwenye mtumbwi, vimefungwa kwa majani ya migomba visigongane, tukapiga makasia kufuata ufuko hadi Lyulilo. Wa bondeni nao walikuwa wanashuka na ndizi, maharage na mchele. Chungu kilipata bei yake kwa kujazwa: ukitaka chungu cha kupikia, unakijaza mchele, mchele unakuwa wangu na chungu kinakuwa chako.

Hayo yalikuwa mambo ya wakubwa. Sisi watoto wa kike tulikuwa na soko letu pale pale, nyuma ya vyungu, na bidhaa yetu ilikuwa nyimbo.

Sijui kama watoto wa leo wanaweza kuelewa. Wimbo mpya ulikuwa kitu cha kungojewa soko hadi soko. Asajile alikuwa anafika na mama yake kutoka Bujonde, miguu ina tope la mashambani mpaka magotini, na kabla hata hajanisalimu ugonile alikuwa ameshanivuta sikio. "Nina mmoja," anasema. Ulikuwa labda wimbo wa kufukuzia ndege kwenye mpunga, au wa kutwangia, au ule ambao mjomba wake aliuokota Njisi kwa watu wa ng'ambo ya mto Songwe. Alituimbia kwa sauti ya chini, huku akitutazama usoni kama mtu anayemwonjesha mwenzake mchuzi. Sisi tulikuwa wakali. Wimbo mwingine tulisema umepoa. Mwingine tulisema unaanza vizuri halafu unachoka kabla ya mwisho. Lakini ukija ule wenyewe, ule unaokupanda mgongoni, tulikuwa tunasema huu una miguu, maana yake hautakaa hapa, utatembea. Tulikuwa tunaurudia mpaka umeingia, na jioni tukiwa mtumbwini kurudi nyumbani nilikuwa naushika kichwani kwa woga, kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja.

Mwenye nyimbo kuliko wote alikuwa Sekela. Nyumba yao na yetu zilitazamana. Alikuwa amenizidi umri kidogo, mwembamba, ana masikio makubwa tuliyomtania nayo, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Baba yake alikuwa amekufa. Waliobaki ni mama yao, kaka yake Ambilike na yeye. Mama na Sekela walifinyanga, Ambilike akapiga kasia na kuvua. Sekela alipokuwa analainisha chungu kwa kokoto alifunga mdomo akaimba puani, na ukikaa karibu ulisikia wimbo ambao hujawahi kuusikia kwa mtu yeyote. Ukimuuliza ameutoa wapi, alishangaa kuulizwa. Kwake yeye ulitoka tu, kama jasho.

Mama Asajile aligundua hilo mapema. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye mitumbwi, na alipenda nyimbo kuliko sisi watoto. Sitamnyima haki yake. Aliacha ndizi zake zikalindwa na mwanawe, akaja kujibanza nyuma ya vyungu vyetu na kumwambia Sekela, "Mwanangu, nipe huo wa leo niende nao." Mara moja mvua ilimzuia asirudi bondeni, akaja nasi kwa mtumbwi akalala kwa kina Sekela. Alikula mbasa aliyevuliwa na Ambilike, akakaa jikoni na Sekela mpaka wimbo ukakaa sawa, akikosea anarudi mwanzo na kujicheka. Mimi nilikuwepo. Nilimwona jinsi alivyomshika Sekela mashavu kwa mikono miwili na kumshukuru, ndaga, ndaga fijo, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Huo ndio ulikuwa wimbo wenyewe. Tuliuimba kwa Kikisi chetu, na Kiswahili hakiufikii hata nusu, lakini maneno yalikwenda hivi:

Chungu cha mzee hakina kitako,
kimemeza mbasa, kimemeza mpunga,
kimemeza na mwiko.
Sasa kinachungulia mlangoni, kinauliza:
humo ndani mmelala wangapi?

Mimi niliuelewa kama mtoto wa mfinyanzi. Nilimwambia Sekela wimbo ni mtamu lakini una kosa, maana chungu kisicho na kitako si chungu, hakiwezi hata kukaa jikoni, nani atapikia humo? Nilibishana naye sana. Nilitaka abadilishe aseme chungu kilichopasuka, jambo ambalo hutokea. Sekela alinisikiliza hadi mwisho. Akaniita kwa jina langu, akasema, "Siyo chungu, Tupo." Nikamuuliza kama siyo chungu ni nini, naye akainama kwenye kazi yake. Nikaondoka nikidhani ameshindwa hoja.

Kila mtu mzima pale ufukweni alijua ni nini. Tulikuwa na jumbe aliyewekwa na Wajerumani, ambaye nyumba yake ilikuwa na baraza ya saruji na mlango wa mbao za kupasua. Kodi ya boma aliikusanya, na juu ya kodi alichukua chake: samaki wa kwanza wa kila mtumbwi, kikapu cha kila shamba. Watu walinung'unika lakini walizoea. Kisha ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu, na boma likataka watu wa kubeba mizigo ya askari. Jumbe akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza idadi ya vijana wanaolala humo. Sekela alikuwa anasikia mama yake na kaka yake wakiongea hayo usiku na mchana, na yeye kama kawaida yake yakamtoka kwa njia ya wimbo.

Na wimbo ukatembea. Sijapata kuona kitu kinachokwenda vile. Soko lililofuata Asajile alituambia kule Bujonde wanautwangia. Soko jingine tukasikia uko Njisi, na wapiga kasia waliotoka upande wa mashariki wakawa wanaujua tayari, na wamezidisha ubeti wao. Wanawake walipokuwa wanajaza vyungu mchele, mmoja alianza tu "chungu cha mzee," na wote waliitikia huku wakipepesa macho na kuvunjika mbavu. Mama yangu aliuimba. Wazee wa kanisa waliuimba wakidhani hawasikiki. Mimi nilijawa na kiburi kana kwamba umetoka kinywani mwangu. Nilikuwa nikipita sokoni nasema kwa kila anayeuimba, huo ni wa rafiki yangu.

Siku moja ya soko alikuja tarishi wa jumbe. Hakuwa mtu wa pwani yetu ya ziwa. Alikuwa ametoka mbali, akivaa koti la kaki hata kwenye jua kali, na wanawake walikuwa wananyamaza anapopita. Siku hiyo hakupita. Alikaa juu ya gogo karibu na vyungu vyetu, akavua kofia, akasema amesikia kuna wimbo mzuri na kwao wanapenda nyimbo. Aliomba aimbiwe. Wanawake walitazamana. Kisha mmoja akacheka kwa aibu, mwingine akaanza polepole, na kwa kuwa wimbo ulikuwa mtamu haukukubali kuimbwa polepole, ukawazidi nguvu wakauimba wote. Tarishi alikuwa anajipigia paja. Walipomaliza akaomba warudie. Akauliza neno hili maana yake nini, na lile, kama mtu anayetaka kuujifunza. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya upole, fundi wa wimbo huu ni nani.

Mama Asajile akajibu huku anacheka bado. "Ni wa binti wa yule mfinyanzi pale. Sekela."

Kwa hilo peke yake ningemsamehe. Nimeligeuza moyoni mwangu miaka mingi, na naamini alisema kwa kujivuna, kama mimi nilivyojivuna. Alimpenda yule mtoto na alipenda ajulikane. Hata mimi sikuona ubaya. Nilikimbia mpaka majini ambako Sekela na Ambilike walikuwa wanashusha vyungu vya mwisho kutoka mtumbwini, nikawaambia nikiwa nahema kwamba tarishi ameupenda wimbo, ameomba urudiwe. Sekela akatabasamu. Ambilike hakutabasamu. Akaniuliza, "Amejua ni wa nani?" Nikamwambia amejua, mama Asajile amemwambia. Ambilike alikitua chini chungu alichokuwa amekishika, taratibu sana, akakizungushia mchanga kisianguke. Kisha akamtazama dada yake kwa muda. Hakumgombeza. Akasema tu wamalize kushusha.

Kabla ya soko lililofuata tuliitwa wote kwenye baraza ya jumbe, wa ufukweni na wa bondeni waliokuwa na desturi ya kuja Lyulilo. Watu walikaa chini uani, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Jumbe alikuwa kwenye kiti chake, mtu mnene mwenye sauti laini, na tarishi amesimama nyuma yake. Sekela na mama yake waliwekwa mbele.

Jumbe alisema ameambiwa mtoto huyu ana sauti nzuri, na aimbe. Sekela aliimba. Nilikuwa nimezoea kuusikia wimbo ule ukiwa na sauti za watu mia nyuma yake, na siku ile ulitoka mwembamba, umekonda, sauti ya mtoto mmoja kwenye ua mzima. Kila alipofika pahala pa kuitikiwa alinyamaza kidogo kama anayengoja, na hakuna aliyeitikia. Ndipo nilipoelewa kwamba siyo chungu. Nilielewa nikiwa nimekaa pale, nikimtazama yule mtu mnene kwenye kiti.

Alipomaliza, mama yake aliongea. Alikuwa mwanamke mpole ambaye sokoni hakuweza hata kubishania bei. Alipiga magoti akasema, "Jumbe, huyu ni mtoto. Wimbo huu unaimbwa na soko zima. Kama kuna kosa, ni letu sote."

Jumbe akatutazama mmoja mmoja. Akauliza ni nani mwingine anayeujua wimbo huu.

Naomba mnisikilize hapa, ninyi mliokuwepo na ninyi ambao mama zenu walikuwepo. Uani pale palikuwa na watu waliouimba mpaka wakapata kwikwi ya kicheko. Palikuwa na walioutungia beti. Palikuwa na waliokuja kumvuta Sekela kanga na kumwomba awape mwingine. Wote walitazama ardhi. Nilisikia kuku wa jumbe wakipekua nyuma ya nyumba.

Mama yake Sekela akageuka, bado amepiga magoti. Hakutazama wote, alimtazama mmoja. "Mama Asajile," akasema, "ulilala kwangu. Mwanangu alikufundisha jikoni kwangu. Sema."

Mama Asajile alikuwa amekaa safu ya mbele na mwanawe kando yake. Akajibu bila kuinua macho. "Mimi wimbo huo nimeusikia leo."

Na baada yake wengine wakapata njia. Huyu akasema hata yeye ameusikia leo. Yule akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mzee mmoja wa kanisa akasema nyimbo za namna hii huharibu vijana. Kwa muda mfupi wimbo uliokuwa wa watu wote haukuwa umeimbwa na mtu hata mmoja, isipokuwa yule mtoto mwembamba mwenye masikio makubwa.

Nilitaka kusimama. Mama yangu alinibana paja kwa kucha mpaka ngozi ikachubuka, na alikuwa anatazama mbele kama hanijui.

Jumbe alifurahi. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, alifurahi. Akasema yeye hampigi mtoto wa kike, yeye si mkatili. Kisha akasema, "Lakini chungu kimeuliza, na mimi nataka jibu. Humo ndani mmelala wangapi?" Na kuna waliocheka. Nawaapia, kuna waliocheka, wakijikunyata mahali pale pale walipokuwa wamekaa, walimchekea mzaha wake. Akajibu Ambilike mwenyewe, kutoka upande wa wanaume. Akasema wamelala watatu, na mwanamume ni yeye.

Walimchukua palepale. Hakurudi nyumbani kuchukua hata shuka.

Tulipofika nyumbani nilimpigia mama kelele. Sikuwahi kufanya hivyo kabla na sikufanya tena. Nilimwambia, juba, mama yangu, wewe uliuimba, nilikusikia kwa masikio yangu, uliuimba kila siku ukichota maji. Nilitegemea anipige. Alikuwa amekaa mbele ya udongo wake na hakuugusa. Akasema, "Una kaka wawili." Mimi sasa ni mama, najua uzito wa neno lile, na bado sijaweza kulikubali. Kaka zangu waliishi. Walioa, wakazeeka, wakanibebea watoto wangu mgongoni. Kila nikiwatazama nilimshukuru mama, na kila nikimshukuru nilimkasirikia upya.

Bila Ambilike, kina Sekela hawakuwa na mtu wa kasia. Walifinyanga, lakini vyungu vilirundikana ukutani. Majirani wangeweza kuvichukua kwenye mitumbwi yao. Baba yangu alivichukua mara chache, kwa kificho, asubuhi mapema. Wengine waliogopa kuonekana nao. Sokoni Asajile alikuja mara moja nyuma ya vyungu akasimama mbali, akaniambia mama yake amemkataza kuongea nasi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia aende. Nyimbo zikafa kabisa pale Lyulilo. Watu walijaza mchele kimya kimya, na ulisikia punje zinavyodondoka.

Habari ya Ambilike ililetwa na mpagazi mwingine aliyerudi, mtu wa vijiji vya nyuma, amebaki mifupa na vidonda vya mabegani. Alisema walibebeshwa masanduku ya risasi milimani, mvua na baridi, chakula kidogo. Ambilike aliharisha damu. Siku aliposhindwa kusimama walimvua mzigo wakampa mtu mwingine, na msafara ukaenda. Hakujua kama alizikwa. Alikaa nje ya nyumba ya kina Sekela akieleza haya huku akiomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyemwacha.

Msiba ulipowekwa, watu walikuja. Walikuja wote. Walijaa uani, walilia kwa sauti, walijitupa chini. Mama Asajile alitoka Bujonde na mkungu wa ndizi kichwani, akaanza kulia tangu njiani, na kilio chake kilikuwa kizuri kama uimbaji wake, kilipanda na kushuka mpaka wengine wakamfuata. Aliuweka mkungu mbele ya mama yake Sekela. Yule mama mpole akanyamaza kulia. Akainuka, akaunyanyua mkungu kwa mikono yake miwili, akavuka nao ua mzima, akauweka nje njiani. Kisha akarudi akamwambia kwa adabu, kama mtu anayemuaga mgeni, "Ndaga, mama. Zitaharibika huko. Nenda nazo." Mama Asajile akaenda nazo. Siku zile nilidhani ni kwa aibu. Sasa nadhani hakutaka ndizi ziharibike.

Kina Sekela hawakukaa. Ndugu wa mama yao walikuwa upande wa mashariki wa ziwa, vijiji vile vilivyobanwa chini ya milima ambako hufiki ila kwa maji. Walikuja kuwachukua kwa mtumbwi mmoja. Sekela hakuniaga kwa maneno. Alinipa kokoto lake la kulainishia, jeusi, limekuwa laini kama jicho. Nilifinyangia nalo mpaka siku lilipoteleza likazama.

Wajerumani walifukuzwa, wakaja Waingereza. Jumbe aliondolewa, lakini hakuna aliyemgusa. Alizeeka kwenye baraza yake ya saruji akafa ameshiba. Na mara tu alipoondolewa, wimbo ukarudi. Ulirudi kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Watu waliuimba kwenye harusi, wakaucheza, na kila mtu alikuwa na hadithi ya jinsi alivyouimba zama za jumbe bila kuogopa. Nilimsikia mama Asajile kwa masikio yangu, kwenye sherehe ya mavuno, akiwaeleza wasichana jinsi alivyokuwa anauimba mbele ya tarishi mwenyewe. Wasichana walimtazama kwa macho ya kumtukuza. Asajile alikuwa pale, ameshaolewa, akainuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na mtumbwi mzuri, na kiangazi kimoja nilimwomba anipeleke mashariki. Nilimkuta Sekela. Alikuwa mwanamke sasa, mama yake ameshafariki, ana mume mvuvi na watoto, na bado alikuwa anafinyanga. Tulishikana mikono muda mrefu. Alinipa samaki na ugali wa muhogo, akaniuliza habari za mama yangu, za nyumba gani bado zimesimama. Hakuuliza habari za mtu mwingine. Tukakaa nje, yeye akaendelea na chungu chake maana udongo ulikuwa umefikia kufinyangwa, na mimi nikamsaidia kushika.

Nilifikiri nitamfurahisha. Nikamwambia wimbo wake umerudi, unaimbwa kila mahali, mpaka ng'ambo ya Songwe.

Aliendelea kuzungusha mkono. "Wanasema ni wa nani?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia hawasemi.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Binti yake mdogo alikuwa amekaa miguuni petu akifinyanga vichungu vya kitoto, na katikati ya kazi yake akaanza kuimba puani. Haukuwa wimbo ninaoujua. Haukuwa wimbo wa mtu yeyote; ulikuwa unatoka hapo hapo, ukijitafutia njia, unapanda, unasita, unapata pa kukanyaga, na nywele zikanisimama mikononi kwa uzuri wake. Nilifungua mdomo nimwambie Sekela asikilize.

Sekela alikuwa ameshasikia. Bila kugeuka, bila hasira, alinyoosha mkono wake wenye udongo akamfunika mtoto mdomo. Mtoto alinyamaza mara moja wala hakushtuka, alionekana amezoea. Mkono ulipoondoka, udongo ulibaki midomoni mwake, naye hakuufuta, akaendelea kufinyanga.